Muhogo Mchungu: Kicheko, Sinema na Heshima ya Mtu wa Shamba

Sisi tunaoishi Usevya na vijiji vingine vya bonde hili la Rukwa tunaujua muhogo. Uko muhogo mtamu, ambao mtoto huung'oa na kuutafuna mbichi akiwa njiani kutoka shule. Na uko muhogo mchungu. Huu wa pili haupikwi ovyo. Humenywa, hulowekwa siku kadhaa, huanikwa juani mpaka ukauke, ndipo hutwangwa ukawa unga. Mama anayeruka hatua hizo kwa haraka anaweza kuidhuru nyumba yake kwa chakula kilekile ambacho kingeishibisha. Lakini hakuna anayeutupa muhogo mchungu kwa sababu ya uchungu wake. Wakulima wengi huupanda kwa makusudi, kwa kuwa nguruwe pori na nyani hawaukimbilii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jina hilo, Muhogo Mchungu, lilipewa filamu ya kuchekesha iliyotengenezwa Tanganyika kwa lugha yetu ya Kiswahili. Wengi wetu hatujaiona. Hata hivyo, historia yake, pamoja na historia ya sinema iliyoitangulia, inaligusa Kanisa kwa karibu kuliko tunavyodhani. Tunaiandika hapa kwa sababu ya swali moja lililotusumbua katika huduma: Mkristo anapocheka, anamcheka nani? Na akishacheka, anamfanyia nini yule aliyemcheka?

Igizo la siku ya mavuno

Swali hilo hatukulipata kitabuni. Lilitujia siku ya sikukuu ya mavuno katika mtaa mmoja tuliouhudumia. Washarika walikuwa wameleta mahindi, karanga, mpunga, kuku na mbuzi. Kabla ya mnada, vijana waliomba nafasi ya kuigiza. Igizo lao lilihusu mfugaji aliyeuza ng'ombe akaenda mjini Mpanda kununua simu. Kijana aliyeigiza alijifunga shuka, akavaa katambuga, akashika fimbo mabegani, akaanza kusema Kiswahili kwa lafudhi ya Kisukuma. Kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, watu walikuwa wamekwisha kuvunjika mbavu. Pale stendi alikutana na kijana mjanja, akauziwa boksi zuri la simu. Alipofika kijijini na kulifungua mbele ya jamaa zake, ndani mlikuwa na kipande cha sabuni.

Tulicheka. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tulikuwa tumekaa mbele, na tulicheka mpaka tukafuta machozi. Katikati ya kicheko hicho mzee mmoja wa makamo, mfugaji aliyehamia bondeni na jamaa yake miaka mingi iliyopita, alisimama taratibu, akachukua fimbo yake, akatoka. Tulidhani anakwenda kuangalia mifugo. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile iliyofuata. Mwezi wa pili ulipoanza, mke wake na watoto nao wakaacha kuja.

Tulipokwenda kumtembelea alitupokea vizuri, akatupa viti na maziwa. Tukamwambia, "Mzee, tumekukosa kanisani." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mchungaji, ile sabuni niliuziwa mimi. Vijana hawakujua, siwalaumu. Niliuza ng'ombe ili nipate simu, nimsikie mwanangu aliyekuwa akiuguzwa mbali. Nimechekwa tangu nilipofika huku, nimezoea. Lakini siku ile niliwaona ninyi mkicheka mkiwa mmekaa upande wa madhabahu."

Tulirudi nyumbani bila maneno. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza namna kicheko hiki cha kumcheka mtu wa shamba kilivyozoeleka kiasi hiki miongoni mwetu, hata tukakiona hakina hatia. Katika kutafuta, tulifika Vugiri.

Sinema iliyoletwa na misheni

Vugiri iko katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe. Milima hiyo ni ya thamani kwetu sisi Walutheri. Ni huko Mlalo ambako wamisionari kutoka Ujerumani walianza kazi mwaka 1891, na ni huko Lwandai, Mlalo, ambako chuo chetu cha theolojia kilianzishwa mwaka 1947 kabla ya kuhamia Makumira mwaka 1954. Sisi tuliopita Makumira tulifundishwa habari hizo. Jambo ambalo watu wachache hulikumbuka ni kwamba katika milima hiyohiyo, kati ya mwaka 1935 na 1937, zilitengenezwa filamu zilizokusudiwa hasa kwa watazamaji wa Afrika Mashariki.

Wazo hilo lilianzia ndani ya Baraza la Kimataifa la Misheni. Mwaka 1932 J. Merle Davis wa baraza hilo aliongoza uchunguzi wa maisha ya wafanyakazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Aliona vijana walioacha vijiji vyao wakimiminika migodini, na wazee waliobaki nyuma wasielewe kinachowapata watoto wao. Akafikiri kwamba sinema ingeweza kuwa daraja kati ya kijiji na dunia mpya. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha. Meja L. A. Notcutt, aliyekuwa na uzoefu wa mashamba ya mkonge, akasimamia upigaji picha, na G. C. Latham akasimamia upande wa elimu. Kambi ikawekwa Vugiri, na waigizaji wakapatikana miongoni mwa watu wa huko huko.

Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo thelathini na tano. Zilihusu minyoo ya safura, malaria kwa watoto wachanga, mmomonyoko wa udongo, ngozi za mifugo, soko la kahawa na kodi. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: vibarua wawili wanapokea mshahara, mmoja anazifukia fedha zake ardhini na mwizi anazichimbua, mwingine anaziweka posta zikawa salama. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye santuri katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo, na kupigwa wakati picha inaonyeshwa. Lori lilibeba mashine ya umeme, projekta na turubai la kuonyeshea, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini kwetu. Watu walikusanyika usiku kwa maelfu.

Hatuwezi kuidharau kazi ile. Waliokuwa nyuma yake waliwapenda watu. Safura na malaria vilikuwa vinaua, na wezi walikuwapo kweli. Tena katika kambi ile vijana wa Kiafrika walifundishwa kazi za ufundi wa filamu, jambo ambalo si wengi wakati ule waliloliona linawezekana. Lakini tukiitazama kwa macho ya mzee yule wa simu ya sabuni, tunaona kitu kingine. Katika filamu nyingi za namna hii yupo mtu mmoja asiyekosekana: mwanakijiji asiyejua. Ndiye anayefukia fedha, ndiye anayelima vibaya, ndiye anayemwachia mtoto augue. Anayejua ni mwingine, na huyo mwingine ndiye mwenye projekta. Wakubwa wa wakati ule waliamini pia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hakuwa na uwezo wa kupambanua kweli na uongo katika picha, kwa hiyo alihitaji kukingwa na filamu za kawaida na kutengenezewa zake zilizo rahisi. Aliyekaa chini gizani hakuulizwa yeye angependa kuonyesha nini.

Mwaka 1937 serikali za Afrika Mashariki hazikuwa tayari kuendelea kuigharimia kazi hiyo, na kambi ya Vugiri ikafungwa. Mpango ukaisha, lakini yule mwanakijiji asiyejua hakwisha. Alikuwa amekwisha kupata nafasi yake kwenye turubai.

Wakati huohuo ng'ambo ya bahari

Ili tuone kwamba njia nyingine ilikuwapo, tuvuke bahari kidogo. Januari 1936, wakati lori la Vugiri likiwa bado barabarani, watu wa Rio de Janeiro nchini Brazil walikuwa wakienda kuona filamu yao mpya iitwayo Alô, Alô, Carnaval! Ilitengenezwa na Adhemar Gonzaga katika studio ya Cinédia. Karnivali ni sherehe ya nyimbo na ngoma inayotangulia Jumatano ya Majivu, ile siku ambayo nasi tunaanzia Kwaresma. Filamu hiyo ilitolewa wakati watu wanajiandaa kwa karnivali, ikiwa imejaa nyimbo za waimbaji ambao wananchi walikuwa wakiwasikia redioni, miongoni mwao Carmen Miranda na mdogo wake Aurora.

Kisa chake ni chepesi. Waandishi wawili wana onyesho lao la nyimbo na vichekesho, lakini hawana fedha. Wanamwendea mwenye ukumbi, naye anawapuuza kwa kuwa anangoja kundi la wasanii kutoka Ufaransa. Kundi la Ufaransa linashindwa kuja, ndipo anawakumbuka wale wa nyumbani. Watu wa Brazil walicheka, lakini tuangalie walimcheka nani. Walijicheka wenyewe, na walimcheka mkubwa anayedhani kwamba kizuri lazima kitoke ng'ambo. Mdogo ndiye aliyeshikilia kicheko. Wasomi wengine wa huko waliziita filamu za namna hiyo takataka, lakini watu wa kawaida walijiona ndani yake na hawakuona haya.

Hata hivyo hatutaki kuisifu Brazil kupita kiasi, maana habari ya Carmen Miranda ina uchungu wake. Mwaka 1939 alikwenda Marekani, akawa nyota wa Hollywood. Huko walimvika vilemba vya matunda, wakakipenda Kiingereza chake cha kuchekesha. Aliporudi Rio mwaka 1940 wapo waliompokea kwa ubaridi, wakiona amegeuzwa kuwa mtu wa Marekani. Mama yule yule mwenye sauti ile ile: nyumbani watu walicheka pamoja naye, ugenini wakamcheka yeye. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa na yule anayecheka.

Kijana aliyeigiza mtu wa shamba

Sasa turudi nyumbani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Tanganyika ilipatana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg kutengeneza filamu za Kiswahili zenye hadithi. Ndipo zikapatikana Chalo Amerudi, Muhogo Mchungu, Meli Inakwenda na Mgeni Mwema. Hata majina yenyewe yanaonyesha yaliyokuwa mioyoni mwa watu nyakati zile: kuondoka, kufika, kupokelewa na kurudi. Hizi hazikuwa tena masomo ya minyoo. Zilikuwa hadithi zilizosemwa kwa lugha ambayo watu walizungumza barabarani, na watu walizipenda.

Muhogo Mchungu ilikuwa ya kuchekesha. Ni habari ya mtu wa shamba anayeingia mjini bila kuujua mji, akakutana na wajanja wake. Aliyeigiza alikuwa kijana mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Songea, akasoma shule ya serikali ya Tabora, mji ambao sisi wa Mpanda na Katavi tumekuwa tukiupitia tangu reli ya kutoka Kaliua ilipofika Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi. Waliomwona Kawawa kwenye turubai walimjua kama mtu wa kuchekwa.

Msomaji anaona mahali tulipofika. Kati ya Vugiri na Muhogo Mchungu kuna mabadiliko makubwa na mema: kicheko kimeingia, na Kiswahili kinasemwa na mwigizaji mwenyewe. Lakini mtu wa kuchekwa ni yule yule. Ni mtu wa kutoka shamba, mwenye lafudhi yake, mwenye fedha zake chache, anayemwamini kila anayemsalimia. Hata neno "mshamba", ambalo kwa asili yake ni mtu anayekaa shamba, tumeligeuza tusi. Na igizo letu la siku ya mavuno halikubuniwa na vijana wale. Lilikuwa limezunguka nchi hii kwa miaka mingi, kwenye turubai, redioni, kwenye jukwaa na kwenye kanda za video, mpaka likafika chini ya mwembe wa kanisa letu likijiona liko nyumbani.

Basi tumtazame Kawawa alivyoendelea. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo, huku huku magharibi kwetu, kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa na serikali kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Kisha akaingia katika vyama vya wafanyakazi, na shirikisho la vyama hivyo lilipoundwa mwaka 1955 akawa katibu mkuu wake. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, aliyemwachia kiti alikuwa Kawawa. Baadaye akawa Makamu wa Pili wa Rais, na tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na taifa likamlilia kwa jina la Simba wa Vita.

Kawawa hakuwa Mlutheri, wala hatumleti hapa kama mtakatifu. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanatuambia jambo ambalo turubai halikuweza kulionyesha. Mtu aliyesimama mbele ya watu akiwa amevaa nguo za mtu wa kudanganywa, alikuwa na uwezo wa kuketi mezani na kuzungumzia mishahara ya wafanyakazi wa nchi nzima. Kicheko kilikuwa kimeona nguo tu.

Maandiko na kicheko

Wapo ndugu wanaodhani kwamba jibu la haya yote ni kukifukuza kicheko kanisani. Sisi hatukubaliani nao. Mungu mwenyewe alimpa Ibrahimu mtoto ambaye jina lake lina maana ya kicheko, na Sara akakiri kwamba Mungu ndiye aliyemchekesha (Mwanzo 21). Waliorudi kutoka uhamishoni walijazwa kicheko vinywani mwao (Zaburi 126). Luther, baba yetu katika imani, aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia, na mezani pake hapakukosa mzaha. Kanisa lisilocheka huwa linaficha kitu.

Tena Bwana wetu alichekesha. Sisi tumeyazoea maneno yake, ndiyo maana hatucheki tena. Hebu tumwone mtu mwenye boriti jichoni akiinama kutafuta kibanzi katika jicho la mwenzake (Mathayo 7). Tumwone anayechuja mbu kwenye kikombe chake kisha akameza ngamia mzima (Mathayo 23). Waliosikia kwa mara ya kwanza bila shaka walishika mbavu. Lakini tuangalie wanaochekwa ni akina nani. Ni waalimu wa sheria, ni wenye haki machoni pao wenyewe, ni wakubwa. Hakuna hata mahali pamoja ambapo Yesu anamchekesha mtu kwa kumwigiza kiwete anavyotembea, au mwanamke wa Kanaani anavyosema. Nathani naye alipotaka kumwonya Daudi alimtungia hadithi, lakini aliyeonyeshwa ubaya wake alikuwa mfalme, si maskini mwenye kondoo mmoja (2 Samweli 12).

Kisha liko igizo jingine katika Biblia, nalo hatupendi kuliita hivyo. Katika Marko 15 askari wa liwali wanamchukua mfungwa mmoja, mtu wa Galilaya, mkoa ambao watu wa Yerusalemu waliudharau na lafudhi yake waliitambua upesi, kama Petro alivyogundua usiku ule. Wanamvika vazi la zambarau. Wanamsokotea taji ya miiba. Wanapiga magoti mbele yake wakijifanya wanamsalimu mfalme. Wanaita kikosi kizima kije kitazame. Bila shaka walicheka mpaka wakafuta machozi.

Ndugu zetu, hapo ndipo tuliposhikwa. Bwana wetu aliwahi kuwa mtu wa kuchekwa katika igizo. Alivikwa nguo ili achekwe. Tangu siku hiyo, kila mnyonge anapovikwa nguo za kuchekesha na kusimamishwa katikati, sisi tunaobeba jina la Kristo hatuna ruhusa ya kudhani kwamba Kristo ameketi na watazamaji.

Somo la watani

Lakini wazee wetu walikuwa na njia ya kuulowesha muhogo huu, nayo ni utani. Wanyamwezi waliosafiri na misafara mpaka pwani walikuwa watani wa Wazaramo. Mtani aliweza kumtania mwenzake mbele ya watu, kumchukulia kuku wake, kumdhihaki hata msibani, na hakuna aliyekasirika. Kwa nini? Kwa sababu mtani alikuwa na wajibu. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kushika kazi za maziko. Ukiwa safarini, mtani ndiye atakayekulaza. Tena utani una zamu: leo unanicheka, kesho ninakucheka, na wote wawili tunajua hivyo.

Basi hapo tunaona tofauti kati ya kicheko kinacholisha na kicheko kinachodhuru. Anayenicheka leo na kesho akanichimbia kaburi ni ndugu yangu. Anayenicheka na kurudi kwake bila kujua jina la mwanangu anayeumwa, huyo amenivua nguo. Siku ile ya mavuno tulimcheka mfugaji kama watani, lakini hatukuwa tumelipa deni la utani. Hatukuwa tumemtembelea mtoto wake. Hatukujua hata kwamba anaumwa.

Hapa bondeni jambo hili si dogo. Tunaishi pamoja Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma na wengine wengi, na huko Katumba na Mishamo wako ndugu waliokimbia Burundi, ambao Kanisa letu lilishiriki kuwahudumia kupitia shirika la TCRS tangu walipopokelewa. Mkulima na mfugaji wanagombania mto na majani. Ugomvi wa namna hiyo hauanzi na fimbo. Huanza na kicheko, pale tunapomfanya mwenzetu aonekane si mtu kamili, anayestahili kudanganywa kwa kuwa hajui.

Mavuno ya mwaka uliofuata

Tulirudi kwa yule mzee mara ya pili, safari hii pamoja na wazee wa kanisa na vijana wawili walioigiza. Tuliomba msamaha. Hatukusema "kama tulikukosea", maana tulikuwa tumemkosea. Kijana aliyevaa shuka alishindwa kusema, akalia tu. Mzee akamshika bega akamwambia, "Lafudhi uliiweza, mwanangu. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka, ila nilikumbuka mtoto." Wote tukacheka, na yeye akacheka nasi. Mtoto wake alikuwa amekwisha kurudi nyumbani akiwa mzima, nasi ndiyo kwanza tunasikia.

Mwaka uliofuata vijana waliomba tena nafasi ya kuigiza siku ya mavuno. Binti yule aliyekuwa mgonjwa alikuwa miongoni mwao. Igizo lilihusu mnunuzi wa mazao mwenye mizani iliyochezewa, ambaye gunia la kila mkulima kwake lilikuwa pungufu, mpaka bibi mmoja wa kijijini alipompandisha yeye mwenyewe juu ya mizani ile. Wakulima walicheka, wafugaji walicheka, na wanunuzi wawili waliokuwapo walicheka kidogo. Kisha akaingia mhusika wa pili, ambaye hatukuwa tumemtarajia. Alikuwa yule binti, amevaa joho lililomzidi urefu. Alifika amechelewa kwa pikipiki ya kuazima, akaomba radhi kwa ajili ya barabara, akaahidi kuhubiri kwa ufupi, na hakumaliza.

Mzee alikuwa amekaa safu ya mbele. Alitugeukia kutazama kama tunacheka. Tulicheka, tukijua ya kwamba safari hii zamu ilikuwa yetu.